Kuitayarisha Kwaya kwa Siku ya Tamasha

Somo kwa wanakwaya na kwa Wakristo wote wa parishi

Someni kwanza: 1 Mambo ya Nyakati 25:1-8, Zaburi 33:1-3, 1 Wakorintho 14:6-15



Tamasha la kwaya si jambo geni katika makanisa yetu. Paa likivuja, nyumba ya kasisi ikitaka kumaliziwa, au kinanda kikihitaji kununuliwa, halmashauri ya parishi hukaa na kusema, "Basi kwaya na itutayarishie tamasha." Kadi za mwaliko huchapwa, sare hushonwa, mgeni rasmi hualikwa. Neno moja husahauliwa mara nyingi, nalo ni kuimba kwenyewe. Kwaya hufika siku ile ikiwa na sare mpya na nyimbo mbichi.

Hasara yake si aibu peke yake. Katika kila mkutano wa namna hii wako watu ambao hawaingii kanisani siku nyingine: mwenye duka, mume wa mama Mkristo, jirani Mwislamu, kijana aliyeacha kuja ibadani. Wametoa kiingilio na kuketi saa nzima. Wakirudi nyumbani bila kuambulia neno, kwa kuwa maneno yamemezwa, tumepoteza nafasi ambayo labda haitarudi. Tena, ndani ya kwaya yenyewe tamasha lililotayarishwa vibaya huacha vidonda. Yule aliyeimba peke yake hulaumiwa, mwalimu hunung'unikiwa, mhazini hushukiwa, na baada ya majuma mawili viti vya kwaya huwa vitupu. Kwa hiyo yafaa tujifunze jambo hili kwa taratibu, nasi tusiokuwa wanakwaya tuone sehemu yetu ni ipi.

1. MSINGI WETU KATIKA MAANDIKO

Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:22 twasoma habari za Kenania, mkuu wa Walawi, aliyewekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa stadi. Hakuwekwa kwa ajili ya ukoo wake wala kwa ajili ya sauti kubwa, bali kwa ajili ya ujuzi. Sura ya 25 yatupa hesabu: waimbaji waliofundishwa walikuwa 288, wakagawanywa katika zamu 24 za watu 12. Tena mstari wa 8 wasema kwamba zamu zilipigiwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Hapa pana mambo matatu: mafundisho, utaratibu, na kutopendelea. Kwaya ikiwa na hayo matatu, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Mtakatifu Paulo naye, katika 1 Wakorintho 14, atoa mfano wa tarumbeta inayotoa sauti isiyojulikana, hata askari asijiweke tayari kwa vita. Halafu asema habari za kuimba kwa roho na kwa akili pia. Wako wanaosema, "Roho atatusaidia siku ile." Ni kweli, Roho husaidia, lakini mkulima hamwombi Mungu mvuno katika shamba ambalo hakulilima.

2. TAREHE NA MAJUMA KUMI NA MAWILI

Chagueni tarehe kwanza, kisha hesabuni kurudi nyuma majuma 12. Msiweke tamasha katika Kwaresima, wala katika majuma ya masika, maana mvua ikipiga juu ya mabati hakuna kwaya iwezayo kushindana nayo. Wakati baada ya mavuno ni mwema: watu wana nafasi, wana chakula, na mifuko haijakauka.

Sasa tufanye hesabu. Kwaya ikikutana mara mbili kwa juma, saa moja na nusu kila mara, katika majuma 12 itapata mikutano 24, yaani saa 36. Ondoeni robo kwa ajili ya misiba, arusi, mvua na safari. Zimebaki saa 27. Mkiwa na nyimbo nane, kila wimbo una saa tatu na dakika chache. Mkiwa na nyimbo ishirini, hamfikishi hata saa moja na nusu kwa wimbo. Hesabu hii na ibandikwe ukutani kabla mtu hajaanza kupendekeza nyimbo.

Majuma hayo yaweza kugawanywa hivi:

Juma la 1 na la 2: kuchagua nyimbo, kusoma maneno, kupanga sauti.
Juma la 3 hadi la 6: kila sauti kujifunza sehemu yake. Mwisho wa juma la 6 pasiwe na mtu asiyejua noti zake.
Juma la 7 hadi la 9: kuimba bila karatasi, kutengeneza matamshi, pumzi na mwendo.
Juma la 10: kuimba nyimbo mbili katika ibada ya Jumapili, ili kuzoea macho ya watu.
Juma la 11: kuimba programu yote tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata kama kuna makosa.
Juma la 12: mazoezi mafupi na mapumziko.

Nayo zoezi la dakika 90 ligawanywe: dakika 10 za sala na kuamsha sauti, dakika 15 za kurudia la jana, dakika 30 kila sauti peke yake, dakika 30 sauti zote pamoja, dakika 5 za matangazo. Anzeni kwa saa iliyotajwa, hata wakiwapo watu sita tu. Mwalimu akiwangojea wanaochelewa, anawafundisha wanaowahi kwamba nao wachelewe.

3. KUCHAGUA NYIMBO

Nyimbo nane za dakika nne ni dakika 32. Ongezeni maneno ya utangulizi, mahubiri mafupi, changizo na kwaya ya wageni; tayari mmefika saa moja na nusu. Hiyo yatosha. Mtu akirudi nyumbani akitamani kusikia zaidi, mmefanya vema.

Changanyeni. Wekeni nyimbo mbili za kitabuni ambazo watu wanazijua. Mbili za sauti nne zenye kazi. Mbili zenye lahani ya kwetu, za kiongozi na kiitikio, na ngoma au kayamba. Moja ya watoto. Na moja ambayo mkutano wote utaimba pamoja nanyi mwishoni. Wimbo wa kwanza uwe ule mnaoujua kuliko zote, maana mwanzoni magoti hutetemeka. Wimbo mgumu uwe wa tatu au wa nne, wakati sauti zimepata moto wala hazijachoka.

Siku hizi vijana husikiliza wimbo wa kwaya yenye sifa katika simu, nao hutaka kuuimba vilevile. Si vibaya kujifunza kwa wengine. Lakini kumbukeni kwamba katika studio sauti zimetengenezwa kwa mitambo, na ufunguo wa wimbo ule ulichaguliwa kwa koo la mwimbaji wao, si la kwenu. Ushusheni hata uwafae. Tena, kama mtunzi yuko hai, mwombeni ruhusa na kumtaja katika programu. Kazi ya mtu ni jasho lake.

4. MANENO KWANZA

Katika mazoezi ya kwanza ya kila wimbo, msiimbe. Someni maneno kwa sauti, wote pamoja, kama mnavyosoma zaburi. Mwalimu aulize: Wimbo huu wamwambia nani? Ni sala, ni sifa, au ni onyo? Mwanakwaya asiyejua anachosema hawezi kumsaidia msikilizaji kujua. Wako wazee wetu wasioweza kusoma tena kwa sababu ya macho. Maandiko yao ni yale yanayotoka kinywani mwa kwaya.

Kiswahili chetu kina sheria zake za kuimbwa, nazo ni nyepesi kuzishika.

Kwanza, irabu zetu ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti moja tu. Noti ndefu huimbwa juu ya irabu. Fungueni kinywa kwa a, msiifanye e. Na u iwe na midomo ya mviringo, isigeuke kuwa o. Wanakwaya thelathini wakiitamka a kwa namna moja, wataonekana wengi kuliko walivyo.

Pili, m na n husimama mara nyingine kama silabi kamili. "Mtu" ina silabi mbili, "nchi" vilevile. Hapo fungeni midomo na kuvumisha m juu ya noti yake yenyewe, msiseme "mutu". Na "juu" au "kuu" ni silabi mbili, msizikate kuwa moja.

Tatu, mkazo wa neno la Kiswahili huwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho: Bwa-na, mwo-KO-zi, tu-na-ku-a-BU-du. Sasa tuni nyingi za Ulaya zilitungiwa maneno ya Kiingereza au Kijerumani, na mstari mara nyingi huishia juu ya pigo zito. Kwa hiyo silabi yetu ya mwisho, ambayo ni nyepesi, huangukia mahali pazito, na kwaya isiyofundishwa huipiga kama nyundo. Dawa yake ni hii: someni mstari kwa usemi wa kawaida huku mkipiga makofi penye mkazo; kisha imbeni mkiupa uzito ule ule, na noti ya mwisho iwekeni chini polepole kama mtu awekaye mtungi.

Nne, lugha za nyumbani huvuta ndimi zetu. Baadhi yetu huchanganya l na r, hata "mahali" pakawa "mahari". Wengine husema "zambi" kwa dhambi, au "sawabu" kwa thawabu. Asichekwe mtu. Mwalimu na aandike maneno hayo ubaoni na kuyafanyia mazoezi ya dakika mbili kila siku. Kwa majuma 12 ulimi utanyooka.

5. PUMZI NA SAUTI

Sauti ni pumzi iliyopangwa. Chini ya mapafu upo msuli mpana, uitwao kiwambo, ambao ukishuka, mapafu hujaa. Mtu avutaye pumzi kwa kuinua mabega amejaza sehemu ya juu tu, na pumzi humwishia katikati ya mstari. Wekeni mikono ubavuni, chini ya mbavu. Vuteni pumzi kimya kwa hesabu ya nne. Ubavu utanuke, mabega yatulie. Kisha itoeni kwa sauti ya "sss" nyembamba kwa hesabu ya nane. Juma lifuatalo hesabu 12, halafu 16, halafu 20. Zoezi hili halihitaji kinanda wala fedha.

Pumzi na ivutwe penye alama ya kituo, si katikati ya neno. Palipo na mstari mrefu mno, pokezaneni: jirani yangu akivuta, mimi naendelea, nikivuta mimi, yeye anaendelea. Hivyo msikilizaji haoni ufa.

Kwaya nyingi huanza wimbo katika ufunguo mmoja na kumaliza chini yake. Mjaribu: pigeni noti ya mwisho katika kinanda mara wimbo unapokwisha. Kama mmeshuka, sababu kwa kawaida ni moja katika hizi: watu wamechoka, wamekaa kwa kujikunja, irabu zimelegea, au noti zinazoshuka zimeshushwa kupita kiasi. Simameni wima, fungueni madirisha, mwimbe kwa sauti ndogo huku kila mmoja akisikiliza. Kupiga kelele hakuinui sauti iliyoshuka.

Jambo la afya lisisahauliwe. Mwenye sauti iliyokauka apumzike, wala asinong'one, maana kunong'ona nako huchosha koo. Sauti ikikauka kwa zaidi ya majuma matatu, aende kwa daktari. Na mtu mwenye kikohozi cha majuma mawili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu, kwa faida yake na ya wenzake, kwani kwaya hukaa karibu karibu na kuvuta hewa moja.

6. SOLFA NA SAUTI NNE

Ile do, re, mi tunayoitumia ina historia ya kupendeza. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alibuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi. Mwaka 1841 mchungaji kijana, John Curwen, aliagizwa katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull atafute njia nyepesi ya kuimba. Akaichukua njia ya Bibi Glover, akaitengeneza zaidi na kuieneza hata kifo chake mwaka 1880. Wamishonari wakaileta Afrika. Katika Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti na kiongozi wa kwaya, alitunga mwaka 1897 ile tuni ambayo sisi Watanzania twaiimba kama Mungu Ibariki Afrika. Aliyeifanya kazi hiyo ni mwalimu wa shule aliyewatungia wanafunzi wake nyimbo. Mwalimu wa kwaya wa kijijini asijidharau.

Fundisheni solfa, basi, hata kama mna kibodi ya umeme. Kwaya inayojifunza kwa kukariri tu humtegemea mtu mmoja, na akihama mtu huyo wimbo umehama naye. Lakini kujua noti si kuwa tayari. Charles Burney, mwandishi wa historia ya muziki, alisimulia kwamba mwaka 1741 Handel alipita Chester akielekea Ireland, akataka kujaribu nyimbo zake na waimbaji wa hapo. Mtu mmoja wa besi, aliyesifiwa kwamba aweza kuimba kwa kuona noti tu, alishindwa vibaya. Handel alipofoka, yule bwana alijibu kwamba kweli aweza kuimba kwa kuona, lakini si kwa kuona mara ya kwanza. Wengi wetu tu ndugu zake.

Kwaya ya watu 24 yaweza kupangwa hivi: sauti ya kwanza watu 8, ya pili 6, ya tatu 5, ya nne 5. Wavulana ambao sauti inavunjika wasilazimishwe. Waimbe pale panapowafaa kwa wakati huo. Sauti ya tatu ikikosa watu, ni afadhali kuimba sauti tatu zilizo safi kuliko nne zenye pengo. Na njia moja ifaayo sana katika kufundisha: anzeni na sehemu ya mwisho ya wimbo. Kwa desturi twaanza mwanzo kila siku, na saa zinapokwisha mwisho haujaguswa. Ndiyo maana nyimbo nyingi huanza kama simba na kumalizika kama paka.

7. YULE ASIYESHIKA SAUTI

Hapa ndipo penye jaribu kubwa. Tamasha likikaribia, wako wanaomwendea mwalimu kwa siri: "Mwondoe mama fulani, atatuharibia." Wengine husema, "Wazee wapumzike, vijana waonekane." Tufanyeje?

Katika miaka ya kufundisha muziki chuo cha ualimu niliwapokea vijana wengi waliojiita wagumu wa kuimba. Karibu wote waliambiwa hivyo utotoni, wakanyamaza tangu siku ile. Wengi wao walikuwa na shida moja tu: hawakusikiliza kabla ya kuimba, au waliwekewa noti iliyo juu mno kwao. Dawa ilikuwa kusimamishwa kati ya wawili wenye sauti imara, kuvumisha kwanza kwa midomo iliyofungwa, na kupewa muda. Wasioweza kabisa ni wachache mno.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Upimaji wa sauti ufanywe katika juma la kwanza, kwa kila mtu, mzee na kijana, mtoto wa kasisi na mtoto wa mlinzi. Aliye na shida apewe majuma sita na msaidizi wake. Kama hata hivyo hakuweza, mwalimu amwambie mwenyewe, faraghani, kwa upole na bila kuzungusha maneno, na kumpa kazi ya kweli katika tamasha: kusoma Maandiko kati ya nyimbo, kupiga kayamba, kupokea wageni. Lakini mtu asiondolewe katika juma la kumi na moja kwa ajili ya sifa ya siku moja. Mama aliyeimba miaka ishirini katika mazishi ya watu wetu ana haki katika kwaya hiyo ambayo tikiti haziwezi kuinunua. Kama wimbo ni mgumu kwake, badilisheni wimbo.

Na wale wa kuimba peke yao wachaguliwe mapema, mbele ya wote, na kila mmoja awe na wa akiba. Hapo hapatakuwa na manung'uniko, na homa ikimpata mmoja, wimbo hautakufa.

8. MAHALI PA KUIMBIA

Kanisa tupu hudanganya. Sauti hurudi kutoka ukutani na kukaa hewani, nasi twajiona malaika. Likijaa watu, nguo na miili hunywa sauti, na kwaya ile ile husikika nyembamba na kavu. Basi katika mazoezi ya juma la 11 waalikeni watoto wa shule ya Jumapili na akina mama wa Umoja wajaze mabenchi. Mtu mmoja akae nyuma kabisa na kuandika kila neno asilolisikia. Karatasi yake ni mwalimu mwema.

Kwaya isimame kwa mstari wa upinde, wafupi mbele, kila mtu akimwona mwalimu. Vipaza sauti viwili, hatua mbili au tatu mbele ya kwaya, vyatosha. Si kila mtu kushika chake. Spika ziwe mbele ya vipaza sauti, zisiwaelekee, ama sivyo zitapiga mluzi. Lakini fanyeni mazoezi bila umeme, ili ukikatika msikatike nao.

Kuhusu desturi ya kucheza muziki uliorekodiwa huku wanakwaya wakitingisha midomo, nitasema wazi: hiyo si kuimba. Watu wametoa fedha wasikie ndugu zao. Sauti ya kweli iliyo na kasoro ni sadaka. Midomo mitupu ni nini?

9. JUMA LA MWISHO NA SIKU YENYEWE

Juma la 12 msijifunze wimbo mpya, hata mtu akiota mzuri namna gani. Fanyeni mazoezi mara mbili, saa moja tu. Jifunzeni kuingia, kusimama, kukaa na kutoka. Mkutano huanza kuwahukumu kabla hamjafungua kinywa. Siku yenyewe lalni mapema usiku wake, mle chakula saa mbili kabla, mnywe maji. Fikeni saa moja kabla, mwamshe sauti kwa dakika kumi, kisha mnyamaze na kusali. Simu zizimwe. Mmoja tu, mwenye kinanda au kibodi, atoe noti ya kuanzia.

Kosa likitokea, na halikosi, msitazamane wala msicheke. Endeleeni. Msikilizaji hajui noti iliyopaswa kuja. Nyuso zenu ndizo zinazomwambia.

10. FEDHA, NA SEHEMU YA WASIOIMBA

Tarehe 13 Aprili 1742, mjini Dublin, Masihi ya Handel iliimbwa mara ya kwanza mbele ya watu, nalo lilikuwa tamasha la hisani. Nafasi ilikuwa ndogo hata mabwana wakaombwa wasije na panga ubavuni, na mabibi wasivae sketi zenye pete za kuzipanua. Fedha zilikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, kama ilivyokuwa imetangazwa. Nasi tutangaze mapema fedha ni za nini, tutoe stakabadhi, na Jumapili ifuatayo hesabu isomwe mbele ya kanisa: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki. Nauli na chakula cha wanakwaya viwekwe katika makadirio tangu mwanzo; si haki kumla mtu sauti na nauli pia.

Wazazi, waruhusuni watoto waende mazoezini, nao warudi kabla ya giza wakiwa na mtu mzima. Wazee wa kanisa, funguo za kanisa zipatikane kwa saa iliyopangwa, na taa pia. Kasisi wetu naye akija hata mara moja kukaa katika mazoezi, atawatia moyo kuliko barua kumi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kenania alichaguliwa kwa sababu gani? Sisi humchagua mwalimu wa kwaya kwa sababu gani?
2. Chukueni wimbo mmoja mnaoupenda. Someni maneno yake na kupiga makofi penye mkazo. Tuni yaupatia au yaukosea?
3. Kura ya 1 Mambo ya Nyakati 25:8 yatufundisha nini juu ya wazee na vijana katika kwaya yetu?
4. Yuko nani katika parishi yetu aliyeacha kuimba kwa sababu aliambiwa hawezi? Nani atamwendea?
5. Ikiwa fedha hazikutosha lakini neno limesikika, je, tamasha limefaulu? Na ikiwa zimetosha lakini neno halikusikika?